Nyumba Iliyochanjwa ya Mtaa wa Sikukuu

Asubuhi Hamis mchanjaji alipofika Mtaa wa Sikukuu na kisanduku chake cha bati, Mbaruk alikuwa dukani akimpimia mteja samli, na mteja anabisha kwamba kibaba hakijajaa. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Mbaruk aliuza humo samli, tende na papa mkavu, na kwa miaka yote hiyo harufu ya papa ilikuwa imeingia kwenye udongo wa kuta, hata mgeni akiulizia kwa Mbaruk hakuelekezwa njia; aliambiwa afuate pua. Hamis naye alifuata pua. Akatua kisanduku barazani, akafuta jasho, akaamkia.

"Shikamoo, Bwana Mbaruk."

"Marahaba. Kunywa kahawa kwanza, halafu useme kilichokuleta, ingawa nakijua."

Kila mtu alikijua. Ndui ilikuwa imeingia mjini kwa treni, daraja la tatu, ikashuka Gerezani pamoja na magunia ya karanga, na sasa ilikuwa inaitafuna Ilala mtaa kwa mtaa. Mpiga mbiu alikuwa ameshazunguka: kila mtu achukue wanawe aende Mnazi Mmoja wakachanjwe. Watu walikwenda, uongo dhambi. Walibeba vichanga na watoto wanaotambaa, watoto wakalia wakanyamaza, wakarudishwa nyumbani. Waliobaki ni wale wanaochipua, wavulana walioanza kubadilika sauti na wasichana waliokwisha kuvunja ungo. Hao wazazi wao walikuwa wamewaatamia kama kuku na mayai. Kila mzazi alikuwa na sababu yake, na kila sababu, ukiisikiliza bila haraka, ilikuwa na mguu wa kusimamia.

Mama mmoja muuza vitumbua wa pembeni, jina lake Mgeni, alisikia bombani kwamba chanjo inafunga kizazi. Kichanga hakina cha kufungwa bado, lakini msichana wa miaka kumi na minne je? Lisemwalo lipo. Jirani wa ubavuni, Candida, Mchaga aliyekuwa akipokea ndizi kutoka Moshi na kuziuza kwa jumla sokoni, alikuwa na yake. Kaka yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Wazungu. Walimpanga mstari, wakamfunga kibati cha namba mkononi, akaenda. Kambi ya wapagazi hao ndiyo iliyozaa jina la soko hili hili analouzia ndizi. Kaka hakurudi, na kibati hakikurudi.

"Serikali ikitia alama mkononi inahesabu," alisema Candida. "Na ikishahesabu inakuja kuchukua. Safari hii sijui wanataka kuchukua nini, lakini Celina wangu hawampati."

Ungemjibu nini? Hamis, aliyeanzia kwake asubuhi hiyo, alifunga kisanduku, akasogea mlango wa pili, ndio huu wa Mbaruk.

Mbaruk alikuwa na mabinti wawili. Mdogo, Sitara, alikuwa kwa bibi yake Bagamoyo. Mkubwa, Badriya, alikuwa ndani tangu mwaka uliopita, mwari, hatoki, haonwi, anashona kofia chumbani na kusubiri arusi. Suud, mwana wa Ghanim mwenye duka Ilala, alikuwa ameshamposa, na arusi imepangwa kabla ya mwezi wa Ramadhani.

"Hamis," alisema Mbaruk, "wewe ni mtu mwema, na mama yako namjua. Lakini mkono wa binti yangu huuoni. Wakati wa Mjerumani, askari waliingia nyumba ya baba yangu bila hodi kutafuta wagonjwa, wakawafunua dada zangu shuka. Nilikuwa mdogo, nimesimama pale naona. Siku ile niliapa."

"Anaweza kukaa nyuma ya pazia akatoa mkono tu."

"Mkono ndio huo huo ninaousema."

Nyuma ya pazia alikuwa amesimama Mauza, mke wa Mbaruk, na buli la kahawa. Mauza alikuwa na makovu ya ndui uso mzima. Ilimkuta utotoni, siku moja na mdogo wake Zeina. Walilazwa pamoja juu ya majani ya mgomba, maana nguo ilikuwa inanasa kwenye ngozi. Mauza akainuka. Zeina hakuinuka. Sasa alimwita mumewe kwa sauti ya chini, naye akasogea pazia.

"Mwache amchanje, Baba Badriya."

"Wewe uliugua, ukapona."

"Nilipona mimi."

Mbaruk alimpokea buli mkononi, kwa sababu alikuwa anampenda mkewe, na hilo halikuwa siri mtaani. Yeye mwenyewe alikuwa na alama ya chanjo begani. Alichanjwa siku aliyotaka kupanda meli kwenda Makalla, ng'ambo ya bahari, kuwaona jamaa zake, na hakuona tatizo, kwa kuwa bega lilikuwa lake. Akarudi barazani na wazo.

"Haya, tuelewane. Dawa yako ni kinga?"

"Ni kinga."

"Basi izindike nyumba. Nilipojenga hapa, mganga aliyeizindika hakumgusa mke wangu wala mwanangu. Alizika vitu vyake kizingitini, akasoma, akaenda zake, na mwizi hajaingia mpaka leo. Wewe unauacha mlango wazi unataka kumkwaruza mtu. Kinga gani hiyo isiyoanzia mlangoni?"

Hamis aliutazama mlango. Jua lilikuwa limeshapanda, dawa ikipata joto huharibika, na mkubwa wake hakupenda kurudishiwa vichupa vilivyojaa. Akafungua kisanduku. Akausafisha mwimo wa kulia, ule mti wa kando ya mlango, kwa pamba, akaudondoshea dawa, akauchanja kwa kisu chake kidogo vile vile anavyochanja bega la mtu. Akaagiza usiloweshwe na usikunwe. Kisha akanywa kahawa yake na kuaga.

Chanjo ilishika. Mwimo ulifanya wekundu, ukavimba, kisha likatoka lengelenge kubwa kama kisahani, lina maji ndani na kibonde katikati. Nyumba ikapata homa. Kuta zikawa moto mchana na usiku. Mgeni aliomba ruhusa akaanika mchele wake wa vitumbua kwenye ukuta wa uani, ukakauka kabla hajamaliza kusalimia. Paka wa mtaa mzima walihamia barazani. Usiku nyumba ilijikuna kwa kujisugua kwenye nyumba ya Candida, mpaka Candida akaja asubuhi kulalamika kwamba udongo unamwangukia sufuriani.

"Iambieni itulie, jamani. Na sisi tunalala."

"Inawashwa, Mama Celina," alisema Mauza. "Tustahamiliane." Alikuwa akizikanda kuta kwa kitambaa cha maji baridi, huku akiziambia pole. Alikuwa mwangalifu asiuloweshe mwimo.

Mbaruk alifurahi mno. Kila aliyekuja kununua samli alionyeshwa lengelenge. "Unaona homa hii?" alimwambia. "Angeipata mwanangu."

Ndui ikavuka kutoka Ilala, ikaingia Mtaa wa Sikukuu. Ikaanzia nyumba ya kona, ikaruka moja, ikashika mbili za mkabala. Mabwana afya wakazitundikia bendera za ugonjwa na kuwabeba wagonjwa kwenda kambi ya nje ya mji. Nyumba ya Mbaruk haikuguswa. Hata Theophil, mpakiaji wake aliyekuwa akilala dukani juu ya magunia, na ambaye mchana kutwa alishinda Gerezani akibeba mizigo bega kwa bega na watu wenye homa, alikuwa akirudi jioni kichwa kinamgonga, akivuka kizingiti tu kinaacha. Wazee wa kahawa walilijadili jambo hilo kwa makini. Mmoja alisema baraza nayo ni nyumba, kwa hiyo anayekaa barazani ana kinga. Mwingine akasema baraza ni barabara, ushahidi wake mbwa hulala hapo. Hawakuafikiana, lakini kuanzia siku hiyo kahawa ilinywewa ndani.

Kisha Theophil akafiwa na jamaa yake huko Ilala, akaenda matangani, akalala huko huko hadi watu walipotawanyika. Aliporudi alikuwa ameshatoka upele. Hakuvuka kizingiti, mabwana afya walimkuta barabarani. Alifia kambini, na Mbaruk alimlilia kweli kweli, maana alikuwa kijana wake wa siku nyingi. Hapo watu wote wakaelewa kwamba kinga ya nyumba inaishia mlangoni. Mauza alielewa kabla yao. Usiku ule hakulala, alikuwa anaifikiria arusi.

Candida ndiye aliyekuja wa kwanza. Alikuja alfajiri na Celina mkononi na mkungu wa ndizi kichwani.

"Sindano yao sitaki mpaka naingia kaburini," alisema. "Lakini nyumba haitii mtu alama. Kaeni na mwanangu, Mama Badriya. Chakula nitaleta."

Mauza akamwingiza Celina chumbani kwa Badriya. Jioni Mgeni akamleta wake. Kesho yake wakaja wa mtaa wa pili. Ikawa msururu wa akina mama wenye mabuibui na wasio na mabuibui, kila mmoja na binti na mkeka wake. Wale wale waliomfungia Hamis mlango hawakuona tabu kumfungia binti ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Kufungia walikuwa wamezoea. Chumba cha Badriya kikajaa, wakahamia ukumbini. Mbaruk akawa anakohoa kila anapopita, ili wajitande. Alilalamika kidogo kuhusu maji, lakini alikuwa na fahari. Ni baba gani mwingine mjini aliyekuwa na nyumba iliyochanjwa?

Wasichana walishona kofia. Badriya alikuwa fundi wa vitobwe, vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi, na aliwafundisha wenzake. Celina, aliyesoma kwa masista huko Kibosho na hakuzoea kukaa kitako, alijichoma vidole siku nzima na kulaani kwa Kichaga. Walicheka sana. Kutoka uani Mauza aliwasikia wakicheka, kisha wakinong'ona, kisha kimya kabisa, na mzazi yeyote anajua kwamba kimya cha wasichana wengi si kitu cha kuachia hivi hivi. Alikwenda kuchungulia. Aliwakuta wameinamia kofia.

Asubuhi moja Mbaruk aliona lengelenge la mwimo limetobolewa tobolewa na maji yamepungua. Aliwalaumu paka, akawafukuza barazani kwa ufagio. Siku zilizofuata wasichana walipoteza hamu ya kula. Mauza aliwashika vipaji vya nyuso, mmoja mmoja, akaona wana joto, moyo ukampasuka.

"Ni joto la kuta, mama," alisema Badriya. Alikuwa amevaa mikono mirefu, kama wote.

Joto lile likapita. La kuta nalo likapita. Lengelenge likakauka, likafanya kigaga, kigaga kikaanguka barazani na kuvunja kikombe. Pale mwimoni pakabaki kovu la mviringo, limebonyea, lina vitundu vitundu. Nyumba ikapoa. Mgeni akarudi kuanika mchele juani.

Arusi ikakaribia. Ilala ilikuwa bado ina bendera. Mbaruk naye hakuwa mjinga; alijua binti anakwenda kwenye nyumba isiyo na kinga, akamchukua Hamis na kisanduku chake hadi kwa Ghanim. Hamis alichanja mwimo wa kulia, wakangoja, haikushika. Akachanja wa kushoto, kisha dirisha. Hata wekundu haukutoka.

"Wengine haishiki," alisema Hamis. "Nyumba yenyewe mpya, ya saruji. Haijawahi kuumwa na chochote."

Mauza aliposikia hayo alimfuata mumewe dukani, akafunga nusu ya mlango ili wateja wasisikie.

"Mchanje mtoto, Baba Badriya. Nakuomba. Au arusi isogezwe."

"Isogezwe mpaka lini? Ramadhani hiyo. Ghanim ameshaalika watu mpaka Pangani. Tukisogeza, maneno yataanza: huyu binti ana nini? Na tukimchanja, mume afunue mkono akute kovu aulize aliyemshika ni nani, nimjibu nini?"

"Mjibu yu hai."

Mbaruk alipangua tende, akazipanga tena. "Kinga imemwingia," alisema. "Mwaka mzima yumo humu, amelala humu, homa ya kuta ameipata na sisi. Mtu haiachi nyumba ya baba yake mlangoni kama viatu."

"Theophil aliiacha."

"Theophil hakuzaliwa humu."

Akafungua mlango, mteja akaingia. Neno la Mbaruk lilikuwa neno. Mauza alirudi uani, akawasha moto, akausahau, ukazimika. Alikuwa anaona majani ya mgomba. Alikuwa anamwona Zeina ubavuni mwake, na safari hii Zeina alikuwa na sura ya Badriya. Alimpenda mumewe, lakini siku zile hakuweza kumtazama akila.

Siku ya kumsinga bibi arusi ikafika. Kwa desturi mama hamsingi mwanawe, hiyo ni kazi ya somo, yule mama anayemfunda mwari. Lakini somo wa Badriya alikuwa kambini na ndui, anapata nafuu, wanamngoja arudi na uso mpya. Mauza akaifanya mwenyewe. Alasiri alitandika jamvi uani, akaleta bakuli la singo, liwa na karafuu na waridi zilizosagwa, akamketisha binti yake kwenye kigoda na kumshusha khanga mabegani. Alikuwa hajauona mwili wa mtoto huyu tangu alipomweka ndani. Akaanza kusugua mgongo.

Alipofika bega la kushoto, kiganja kikapita juu ya kitu. Akafuta singo kwa ukingo wa khanga. Lilikuwa kovu dogo la mviringo, limebonyea, lina vitundu vitundu, lile lile la mwimoni ila dogo kama kitobwe cha kofia, na safi kama kazi za Badriya zote.

Mauza alilizungusha kidole. Alizijua hatua zake zote. Amelala nazo chini ya dari moja.

"Nani kakufanya hivi?"

"Celina. Na mimi nikamfanya yeye." Badriya hakugeuka. "Sindano ya kofia, mama. Tuliipitisha motoni kwanza. Celina aliona kwa masista, wanatoa maji kwenye bega la huyu wanatia la yule. Sisi bega hatukuwa nalo. Tulikuwa na mlango."

"Na wenzio?"

"Wote. Nani angekubali kubaki?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungemwambia baba."

Ilikuwa kweli. Angemwambia. Miaka yote alikuwa akimwambia kila kitu. Lilimchoma, lakini lilichoma juu juu tu, kwa sababu chini yake kulikuwa kumejaa furaha, haikuacha nafasi. Mauza alikaa chini kwenye jamvi, singo mikononi, akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Badriya akacheka kwa kumwona mama yake anacheka. Wasichana waliokuwa ukumbini wakatoa vichwa kuuliza kuna nini. Mauza akawaambia waje mbele yake na wapandishe mikono ya nguo. Wakaja, akayashika mabega yao moja baada ya jingine, akiyabusu, na kila alilolibusu likabaki na harufu ya karafuu.

"Alhamdulillahi," alisema. "Enyi watoto watundu. Alhamdulillahi."

Kabla ya magharibi alimwita Candida kwenye ukuta na kumwonyesha bega la Celina. Candida alilikagua kwa kulipindua huku na huku, kama anavyokagua ndizi zilizoshuka kwenye treni.

"Hii si ya serikali?"

"Si ya serikali. Ni ya mlangoni kwangu."

"Haina namba?"

"Haina."

"Basi sawa," alisema Candida, akapumua. Akamzaba Celina kofi dogo la mgongoni kwa kufanya mambo bila ruhusa, kisha akamkumbatia na hakumwachia upesi.

Kovu la Badriya lilipakwa hina. Mauza alimchora mwenyewe, maua yakapanda kutoka vidoleni, yakapita kiwiko, yakafika begani, na ua la mwisho lilikuwa na kitovu kilichobonyea. Watu wa Ilala walilisifu kuliko maua yote. Mbaruk alisimama mlangoni kumuaga mwanawe, mkono wake juu ya mwimo, anatokwa jasho. Badriya alipovuka kizingiti, baba yake alifumba macho. Alipofumbua, bibi arusi alikuwa ameshafika barabarani, ngoma zinapigwa, na Mauza, ambaye kila mtu alitegemea angelia, alikuwa anapiga vigelegele vya kupasua masikio.

Ndui iliingia kwa Ghanim wiki ile ile. Ilimshika mpishi, ikamshika mjomba aliyekuja kutoka Pangani. Badriya aliwauguza, akawalisha uji, akawabadilishia majani ya mgomba, wala hakutoka hata chunusi. Wasichana wengine walirudi makwao, wakazunguka kama kawaida kati ya nyumba zenye bendera na zisizo na bendera, na hakuna aliyeugua. Mwaka uliofuata binti wa Mgeni, aliyeolewa Idd baada ya Ramadhani ile, alijifungua mapacha, na mama yake akaacha kusema habari za kizazi. Alihamia kwenye habari nyingine.

"Mmeona?" alisema Mbaruk mbele ya wazee wa kahawa, waliokuwa wamerudi barazani. "Niliwaambia. Nyumba imewafuata." Wazee wakakubali. Palikuwa na mjadala mfupi kuhusu nyumba inamfuata mtu kwa umbali gani, mmoja akisema mpaka Bagamoyo, mwingine mpaka mtu avuke maji, lakini nyumba yenyewe hakuna aliyeishuku. Watu walikuja kutoka Gerezani kuligusa kovu wakienda kupeleka posa. Mbaruk alilipaka samli kila Ijumaa. Kila Idd alipopiga chokaa, kovu lilijitokeza tena kabla chokaa haijakauka, naye hakujisumbua kupiga mara ya pili.

Mwaka ule wa mapacha ndipo Sitara aliporudi kutoka Bagamoyo, amerefuka, ameshavunja ungo. Mbaruk akamweka ndani siku ile ile. Mauza alikwenda kulitazama kovu la mwimo. Lilikuwa kavu kama gamba la nazi. Akalikwaruza kwa ukucha, hakikutoka kitu.

Mpiga mbiu akapita tena. Siku chache baadaye Hamis akatua kisanduku chake barazani, akafuta jasho, akaamkia. Mbaruk akamwitikia, akaagiza kahawa, akamwonyesha mwimo kwa kidevu.

"Hapa umeshamaliza kazi, Hamis. Mabinti wa nyumba hii hawachanjwi. Nyumba imechanjwa."

"Naam, Bwana Mbaruk. Nakumbuka, nilikuwepo."

Akanywa kahawa, akashukuru, akachukua kisanduku. Alipopinda kona ya nyumba hakwenda mlango wa pili. Aliingia uchochoro kati ya nyumba ya Mbaruk na ya Candida, mahali nyumba zilipojisugulia, akapita kwa ubavu mpaka kwenye ua wa nyuma, akabisha hodi kwa kidole. Ubao mmoja wa ua ulikuwa umeng'olewa. Katika nafasi ile ukatokea mkono mmoja, mkono tu, wa msichana, umefungwa kitambaa juu na chini pabaki bega peke yake.

"Huyu wa kwanza ni Sitara," ilisema sauti ya Mauza nyuma ya mbao. "Nyuma yake wapo wengine, usiishiwe dawa."

"Sitaishiwa, Mama Badriya."

"Itauma?" aliuliza Sitara.

"Itakuwasha. Usijikune ukutani tu, jirani atagomba."

Hamis alisafisha bega kwa pamba, akadondosha dawa, akachanja. Mkono ukatoka, ukaingia mwingine. Mauza alisimama akiwashika wasichana migongo, kila mmoja kwa zamu yake, na alikuwa na raha moyoni mwake, raha tele, ingawa alikuwa anasikiliza kwa sikio moja upande wa mbele wa nyumba. Mbaruk alikuwa akimsimulia mteja mgeni habari ya mlango wake tangu mwanzo. Alipofika pale paka walipofukuzwa barazani, koo likamkauka, akaita kahawa nyingine.

"Inakuja, Baba Badriya," aliitikia Mauza. Akamshushia Sitara mkono wa gauni, akaurudishia ubao wa ua mahali pake, akaenda kuimimina.